Sukari Isiyoungua

1

Dk. Fulgence aliifungua bahasha kwa kisu cha mkate, maana mkasi wa ofisi ulishaibwa na hakuna aliyeshtuka. Miaka miwili tuliingojea bahasha hiyo. Miaka miwili mizima nilipanda na kushuka Bonde la Nambeya nikibana masikio ya watu wa nyumba arobaini, kila wiki, jua liwake au mvua inyeshe, bila kujua nani anakula nini. Ndivyo mradi ulivyotaka. Mpima asijue, anayepimwa asijue, daktari mwenyewe asijue, mpaka siku ya bahasha.

"Mtaa wa Juu," akasoma, "nyumba zote ishirini, tulizo. Mtaa wa Chini, nyumba zote ishirini, sukari ya kawaida."

Kisha akaketi pu, uso umemshuka.

Sikuhitaji kuelezwa. Namba zote nilikuwa nazo kichwani kwa sababu nimezichukua kwa mikono yangu. Mtaa wa Juu kutu ilikuwa imepanda. Mtaa wa Chini ilikuwa imeshuka.

Niseme kidogo kuhusu kutu, maana wapo wanaodhani ni ugonjwa wa mabati. Ubongo unakula sukari usiku na mchana, tena ni mlafi kwelikweli, na kila unapoichoma kuna cheche zinaruka. Cheche chache mwili unazizima wenyewe. Lakini ukiumiminia sukari ya miwa miaka nenda miaka rudi, cheche zinawashinda wazimaji, zinaanza kula mafuta yanayozifunika neva, na siku moja mtu anasahau jiko likiwaka. Kwenye vitabu wanaita mkazo wa oksijeni. Wafanyakazi wa kiwanda chetu cha sukari, ambao wameona mabomba ya chuma yakiliwa na hewa tupu, waliita kutu, na jina likakaa. Unabana kibanio sikioni, kinapitisha mwanga mwekundu kwenye mfupa, baada ya dakika moja kinatoa namba. Mimi nina thelathini na moja. Ukivuka sitini, Mungu akusaidie.

Sitini ndipo Sheria ya Kauli inapoanza. Ukivuka hapo hufungwi wala hulazwi hospitali. Unaondolewa kauli, basi. Saini yako haifai, ushahidi wako hauandikwi, hata ukiulizwa kama unataka chai anayejibu ni mlezi wako. Sheria ilitungwa ili wazee wasidhulumiwe mashamba, na kweli hawadhulumiwi tena. Mzee Likwata, fundi mitambo aliyenifundisha mimi kusoma saa, aliishi hivyo miaka mitatu. Watu wakifika kibarazani kwake walimuuliza mwanawe, "Mzee hajambo?" Mzee mwenyewe kakaa pale pale anawatazama.

Tulizo ingemaliza hayo. Tunaitengeneza humu humu kiwandani, kwa miwa ile ile. Kimeng'enya kinazishika chembe za sukari mbili mbili na kuzifunga fundo jingine, na fundo hilo ubongo unalifungua taratibu, cheche zinakuwa chache. Ndivyo tulivyoamini. Nilikuwa nimeanza hata kuota bonde lenye wazee wanaojibu salamu zao wenyewe.

"Basi inatutia kutu badala ya kututoa," Dk. Fulgence akasema. "Nitaandika hivyo hivyo. Kamati inakaa Alhamisi, na mtambo wa tulizo utazimwa."

"Daktari, hebu tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini, Zamda? Namba ni zako."

Zilikuwa zangu, na moja yao ilikuwa ya mama yangu. Bi Somoe, nyumba ya nne, Mtaa wa Juu. Aliingia mradini na hamsini na sita. Wiki iliyopita nilimpima hamsini na tisa. Nilirudi chumbani kwangu nikalia, nikijiambia masikini mama, bahati yake mbaya, amepangiwa ile ya kawaida. Kumbe karatasi inasema amekula tulizo miaka miwili! Nilihisi hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka kashata.

Wakati wa mafunzo walitupikia tulizo kwenye sufuria. Tulisimama saa nzima tukiitazama. Iliyeyuka, ikatulia, ikaganda, nyeupe pee kama ilivyoingia. Tulizo haiungui rangi, hata uiwekee moto wa kiama. Na mama yangu ndiye mpishi wa kashata wa bonde zima. Jumapili nilipita kwake kumpima nikaliona sinia limejaa, kashata za karanga, za kahawia, zinang'aa.

Sikumwambia daktari kitu. Nilichukua kibanio changu nikatoka.

2

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa polisi?"

Alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, amefunga kanga kiunoni, anakoroga. Nyumba za kiwanda zote zina jiko la umeme linalojizima lenyewe, na la kwake analo, ameweka juu yake mtungi wa maji. Kashata anapikia mkaa. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula.

Nilichungulia sufuria. Sukari ilikuwa imeyeyuka na inageuka rangi ya chai ya rangi, harufu yake imejaa uwanja.

"Mama, sukari hii umeitoa wapi?"

"Kwenye mfuko wenu."

"Si ya mfuko wako hii."

Akaacha kukoroga, kisha akaendelea, kwa sababu sukari ikifika pale haimsubiri mtu. "Haya," akasema. "Kaa chini. Usinisimamie kichwani."

Inabidi mjue jambo moja la kwetu. Nambeya posa haijibiwi kwa mdomo. Upande wa mke wanapeleka sinia la kashata limefunikwa kawa. Upande wa mume wanafunua. Zikiwa zimeiva rangi, wamekubaliwa. Zikiwa nyeupe, wamekataliwa, nao hufunika kawa na kuondoka bila neno, heshima ya kila mtu imehifadhiwa. Wapishi wa kashata hizo wote wako Mtaa wa Juu tangu kiwanda kilipojengwa, mama zao walipika, bibi zao walipika. Wataalamu wa mradi walipopiga kura mtaa upi ule nini walipima udongo, maji, umri na uzito wa watu. Kashata hakuna aliyeziuliza. Na mimi niliyezaliwa hapa, nimesomeshwa kwa kashata hizo hizo, nilinyamaza nikisubiri wataalamu waniulize.

"Mwezi wa kwanza tu," mama akasema. "Binti wa Havijawa anaposwa na kijana wa ng'ambo ya bwawa, kijana mzuri, wamependana, kila kitu tayari. Nikapika. Sukari nyeupe. Nikaongeza mkaa. Nyeupe! Nikasema labda macho yangu. Saa ikafika, sinia likaondoka hivyo hivyo. Loo! Watu walifunua kawa, wakafunika, wakaenda zao. Mtoto wa watu alilia siku tatu. Tulikwenda wanawake sita kuomba radhi, na bado mama wa yule kijana mpaka leo ananitazama kwa pembe ya jicho."

"Ndiyo mkafanya nini?"

"Tukabadilishana. Wale wa Chini kwao sukari ni ya chai tu, na yao inaungua vizuri. Kilo kwa kilo, kila mwanzo wa mwezi. Hakuna aliyempunja mwenzake."

"Mama! Mliapa! Mliweka dole gumba!"

"Tuliapa hatutaiuza. Hatukuuza hata punje."

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga ukuta. "Ni nyumba zote ishirini?"

"Kumi na nne. Sita hawapiki, wanakula wanachopewa."

Nilitoa kitabu changu cha namba. Nikamuuliza zile sita ni zipi, akanitajia bila kusita. Zote sita kutu ilikuwa imeshuka. Zote! Walikula tulizo kweli, na kutu ikashuka. Waliopanda ni wapishi. Basi dawa ilikuwa inafanya kazi miaka miwili, ila midomo iliyoila siyo iliyoandikwa.

"Mama," nikasema, "tulizo ni nzuri. Ni nzuri kuliko tulivyodhani. Na Alhamisi wanaizima kwa sababu ya kashata."

Akamimina karanga, akakoroga kwa nguvu. Nilimwona amekunja uso, anafikiri. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, mama.

"Basi waambie," akasema.

"Maneno yangu hayatoshi. Kamati inataka mtu wa mradini aseme nani alibadilishana na nani, nyumba kwa nyumba, ndipo faili lisahihishwe. Bila hivyo wataita bahati. Na atakayekiri anafukuzwa mradini yeye na nyumba yake."

"Wenzangu hawatakiri. Wana wajukuu wanaotibiwa zahanati ya mradi. Mimi nina wewe tu, na wewe unalishwa na kiwanda." Alifuta mikono kwenye kanga. "Nitasema mimi. Mimi ndiye niliyewapangia, mimi ndiye ninayejua. Sikiliza."

Akaanza kuzitaja. Havijawa alibadilishana na Leokadia. Mama Sakina na mke wa Kasiani, lakini mwaka wa kwanza tu, kisha wakagombana kuhusu kuku, Mama Sakina akahamia kwa mwingine. Alizitaja moja moja, na kila moja ilikuja na ugomvi wake, na arusi yake, na nani alichelewesha mfuko mwezi gani. Hakusita. Kutu haili bati lote kwa pamoja. Inaanza huku, inaruka kule, na kilichobaki kizima kinakuwa kizima kabisa.

Mimi nilikuwa naitikia ee, ee. Ukweli ni kwamba sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nafikiria hamsini na tisa. Shahidi wa kamati lazima apimwe ndani ya wiki ya shauri, na aliyevuka sitini hasikilizwi. Nilikuwa naangalia sikio lake, sikio dogo lenye tundu la kipuli lililorefuka kwa uzee, na maneno yake yakanipita kama redio ya jirani. Sikuandika kitu. Ya nini? Si atasema mwenyewe Alhamisi?

Alipomaliza kukata kashata nilimkalisha kibarazani. Kanuni inasema aliyekuwa motoni apumzike mpaka jasho likauke, kwa sababu jasho linaudanganya mwanga na kuongeza namba. Kama huna muda wa kusubiri, kuna kitufe cha jasho pembeni ya kibanio, ukikibonyeza kinatoa tano. Wavivu wanakitumia. Mimi sikuwahi.

Nilisubiri. Jasho likakauka, nikamfuta kwa kitambaa, nikasubiri tena. Nikabana.

Sitini na mbili.

"Ngapi?" mama akauliza.

Nilikuwa nimempa mgongo. Nilijua vizuri ninachotaka kukifanya, sitasema shetani alinipitia. Nilijiambia kwamba uongo ni wa dakika moja na ukweli utakaoletwa na uongo huo ni wa watu wote wa bonde. Nilijiambia pia, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba sitaki kuwa mimi wa kumnyang'anya mama yangu mdomo. Nikabonyeza kitufe cha jasho.

"Hamsini na saba, mama."

"Alhamdulillahi!" Akapiga makofi kama mtoto. "Umeona? Nawaambia kila siku, mimi sina kutu, nina uchovu. Chukua kashata."

Nikachukua. Ilikuwa tamu.

3

Shauri lilisikilizwa asubuhi, kwenye ukumbi uliokuwa zamani chumba cha kufungashia. Mezani walikaa watu watatu, na wa katikati alikuwa Bi Getruda, mwenyekiti, mwanasheria mstaafu mwenye sauti ya upole. Ndiye aliyeipigania Sheria ya Kauli miaka ile, baada ya baba yake kusainishwa nyumba yake akiwa hajui hata siku gani. Sikuwahi kumchukia. Hata sasa najaribu siwezi.

Mama alivaa doti mpya ya kanga na viatu vya arusi. Karani alisoma, "Somoe binti Mbaraka. Kutu hamsini na saba. Kauli ipo." Kioo kikubwa ukutani kiliandika kila neno lililosemwa ukumbini, na mama alipoona jina lake limetokea pale akajinyoosha.

Akasema. Jamani, alisema! Alianza na sinia la binti wa Havijawa, na alipofika pale kawa ilipofunuliwa na kufunikwa, wajumbe wawili walicheka mpaka wakafuta macho. Hata Dk. Fulgence alitabasamu. Alieleza jinsi sukari inavyokataa kuungua, jinsi walivyokwenda Mtaa wa Chini, jinsi walivyopima kilo kwa kilo. Sauti yake haikutetemeka. Mimi nilikaa kiti cha wapima, pembeni, nimejaa fahari.

"Na sasa nyumba," akasema. "Ya kwanza—"

"Samahani, Bi Somoe," Dk. Fulgence akainua mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, kabla ya majina, naomba niulize moja. Huenda majina tusiyahitaji."

Bi Getruda akakubali.

Daktari siyo mtu mbaya. Anapenda namba kama wengine wanavyopenda mpira, na namba zikimwambia kitu atakisema hata kama kinamuuma. "Bi Somoe," akasema kwa heshima, "miaka miwili hii umekula sukari ya kawaida?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa wingi?"

"Vijiko vinne kikombe kimoja. Na kashata naonja kila sufuria. Mpishi asiyeonja ni mpishi gani?"

"Na tulizo hukuila kabisa?"

"Hata kulamba. Kitu hakiungui nitakilia nini?"

Watu wakacheka tena. Daktari hakucheka. Alisimama akaandika kwenye kioo namba mbili, hamsini na sita, na chini yake hamsini na saba.

"Mradi unahesabu namba ya kwanza na ya mwisho," akasema. "Za katikati hupanda na kushuka. Mama huyu ameanza na hamsini na sita. Juzi amepimwa, hamsini na saba. Amepanda moja. Moja, mheshimiwa, uzee peke yake unaileta. Kama anasema kweli, basi miaka miwili ya sukari ya kawaida, vijiko vinne vinne, haikumfanya kitu. Hivyo hata kama walibadilishana, kubadilishana hakuelezi kwa nini wenzake wamepanda. Kuna kitu kingine, na sisi hatukijui. Na mtambo ambao hatujui unafanya nini hatuwezi kuuacha unalisha watu."



Mama alimtazama daktari, akanitazama mimi. Hakuelewa. Alielewa tu kwamba maneno yake, yale mazuri, yalikuwa yamegeuzwa kinyume mbele ya macho yake. "Lakini nasema kweli," akasema.

"Hakuna anayekukatalia, mama," Bi Getruda akamjibu. "Ndiyo maana inakuwa hivyo."

Nikinyamaza, mama yangu anarudi nyumbani na kauli yake. Angalau mpaka mpima mwingine ambane. Tulizo inazimwa, nyumba za Mtaa wa Chini ambazo kutu imeshuka kwa bahati ya mfuko wa jirani zinarudi kwenye cheche zao, na baada ya miaka mitano barazani pote watu wanasalimiwa kupitia watoto wao. Nikisema, namba ya kweli inaonyesha alivyopanda, hamsini na sita mpaka sitini na mbili, na hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Lakini mwenye namba hiyo hana kauli. Nilidhani, na Mungu ananisikia, nilidhani maneno yakishasikika yamesikika. Watu watatu wazima wamesikia kwa masikio yao. Watayasahau vipi?

Nikasimama.

"Namba hiyo si ya kweli," nikasema. "Nilibonyeza kitufe cha jasho na jasho lilikuwa limekauka. Mama ana sitini na mbili."

Nilikiweka kibanio mezani mbele ya Bi Getruda. Kazi nilijua imekwisha, na haikuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba sikuthubutu kugeuka kumtazama mama. Nilimsikia tu.

"Uliniambia hamsini na saba," akasema. "Zamda? Uliniambia hamsini na saba."

Daktari alikuwa ameshafuta ile namba ya chini na kuandika sitini na mbili, na alibaki ameishika kalamu hewani. Niliona anaelewa. Macho yalimtoka. "Sita," akasema polepole. "Amepanda sita."

"Daktari, ngoja," Bi Getruda akasema. "Karani."

Karani akagusa meza yake. Pale ukutani maneno ya mama yakaanza kuondoka, mstari baada ya mstari, kuanzia chini. Kilo kwa kilo ikaondoka. Kawa ikaondoka. Jina likabaki peke yake, na mbele yake pakaandikwa: Kauli haipo. Mlezi: Zamda binti Somoe, kutu thelathini na moja.

"Mheshimiwa, mmemsikia!" nikasema. "Mmecheka!"

"Nimemsikia," Bi Getruda akasema. "Na nikiruhusu nilichosikia leo kwa sababu ni kizuri, kesho mtu ataruhusu alichosikia kwa mzee mwingine, na kizuri hicho kitakuwa hati ya shamba. Sikuitunga sheria ili niivunje siku inaponiumiza." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilimwona anatafuta njia, kweli alikuwa anatafuta. "Lakini sheria haimwachi mtu bila mdomo. Wewe ni mlezi wake tangu dakika hii. Kauli yake ni yako, na yako ni nzima. Anachokijua yeye unaweza kukisema wewe, na kitaandikwa. Nitajie nyumba kumi na nne na walizobadilishana nazo. Faili litasahihishwa leo na mtambo hautazimwa."

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

"Havijawa na Leokadia," nikasema. Ukutani ikaandikwa. "Mama Sakina na mke wa Kasiani, mwaka wa kwanza." Ikaandikwa. "Mama yangu na mapacha wa bwawani. Kuruthumu na Bi Anzelina. Shamimu na..." Nililikamata jina. "Shamimu na yule fundi cherehani, Bi Roza."

"Tano," Bi Getruda akasema. "Ya sita."

Nilifungua mdomo. Niliona jiko, niliona mkaa, niliona mwiko unazunguka, mdomo wa mama unaenda. Niliona sikio lake na tundu la kipuli. Sauti haikuwepo.

"Na Mama Sakina mwaka wa pili alihamia kwa nani?" daktari akauliza. Alikuwa ameinamia mbele, ananiomba kwa macho.

"Waligombana," nikasema. "Kuhusu kuku."

"Akahamia kwa nani?"

Sikujua. Ubongo wangu ni safi, kutu thelathini na moja, kibanio chochote kitawaambia. Ndani yake hamkuwa na kitu.

"Kwa Bi Tekla," mama akasema nyuma yangu. "Na ya sita ni—"

"Mama, tafadhali," karani akasema, bila ukali, kama unavyomtuliza mtoto kanisani au msikitini. Pale ukutani hapakuandikwa kitu. "Kauli ni kwa mlezi."

"Na mlezi asinong'onezwe," Bi Getruda akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Jina la Tekla sitalipokea. Endelea, Zamda. Kutoka kichwani mwako."

Hapo ndipo nilipogeuka. Mama alikuwa amekaa na mikono mapajani, viatu vya arusi vimebana miguu iliyovimba, amenyooka. Nyumba zote kumi na nne zilikuwa mle, na kuku wao, na arusi zao, na mifuko iliyochelewa. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atalia, nikaomba alie.

"Jibu basi, mama," akaniambia. "Kauli unayo wewe."